Kusali Wakati wa Mateso: Mfano wa Mwenye Heri Isidore Bakanja



Mkristu akiugua muda mrefu, akifiwa na mtoto, au akionewa na mwenye nguvu, swali humjia moyoni: Je, nisali namna gani? Mmoja huona kwamba Mungu amemsahau, naye huacha sala. Mwingine hutoka usiku kwenda kwa mpiga ramli, apate kuambiwa ni nani aliyemroga. Leo na tumtazame kijana wa nchi yetu ya Kongo, mlei kama ninyi, aliyesali katika maumivu makali mpaka kufa.

Isidore Bakanja alizaliwa katika jimbo la Ekwateri, katika kabila la Wamongo. Alikwenda Mbandaka kutafuta kazi, akawa msaidizi wa waashi. Huko mapadri Watrapisti walimfundisha dini, naye akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Akapewa rozari na skapulari ya Bikira Maria. Baadaye akaingia kazini kwa Mzungu mmoja wa kampuni ya biashara, akamfuata mpaka Ikili. Pale hapakuwa na padri wala kanisa. Hata hivyo Isidore alisali kila siku, akawafundisha wenzake sala alizozijua.

Msimamizi wa Ikili aliwachukia mapadri na mafundisho yao. Alimkataza Isidore kuwafundisha wenzake, akamwamuru aivue skapulari. Isidore hakuivua. Basi, mwaka 1909, msimamizi aliamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, viboko zaidi ya mia. Mgongo wake wote ukawa kidonda.

Mkaguzi wa kampuni alipokaribia kufika, msimamizi alitaka Isidore aondolewe, asionekane. Lakini Isidore alijificha msituni, kisha akajikokota mpaka mbele ya mkaguzi, akamwonyesha majeraha yake, akamweleza kweli yote. Mkaguzi akamchukua, akamtunza. Tuangalie jambo hili vizuri, wapenzi. Kusali si kuuficha uovu, wala si kukataa dawa. Isidore alisali, akasema kweli, akakubali kutunzwa.

Vidonda vyake havikupona. Mwishoni mwa Julai mapadri walimfikia. Akaungama, akapokea Mpako Mtakatifu na Ekaristi. Walipomhimiza amsamehe aliyempiga, akajibu kwamba hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, alifariki, rozari mkononi na skapulari shingoni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Sasa tuulize: Je, sala ya Isidore haikusikilizwa, kwa kuwa hakupona? Hasha! Bwana wetu naye, katika bustani ya Getsemani, alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso, kisha akayaweka yote katika mapenzi ya Baba. Kikombe hakikuondolewa, lakini Baba hakumwacha: siku ya tatu alimfufua. Sala si fedha ya kununulia uzima. Sala ni kumshika Mungu mkono, ili maumivu yasitutenge naye, wala chuki isiingie pamoja na maumivu. Mjeledi uliupasua mwili wa Isidore. Moyo wake haukuweza kuugusa.

Tena, Isidore hakungoja siku ya taabu ndipo ajifunze kusali. Sala alizozisema juu ya mkeka wa ugonjwa ni zile zile alizozizoea siku za afya. Mwenye kuchimba kisima wakati wa mvua hatakosa maji wakati wa kiangazi.

Swali: Mkristu aombe nini katika mateso?
Jibu: Aombe kuponywa, maana Mungu ni Baba, aombe nguvu ya kuvumilia, naye amwombee yule aliyemtesa.

Swali: Kama hana nguvu ya kusema sala ndefu?
Jibu: Alitaje jina la Yesu, au aishike rozari yake tu. Nao jirani waje wasali karibu naye, wasimwache peke yake.

Jioni ya leo, katika kila nyumba, tuwaombee wagonjwa wa kijiji chetu kwa majina yao. Kisha kila mmoja wetu amtaje kimoyomoyo mtu mmoja aliyemkosea, amwombee Salamu Maria moja.