Picha Iliyopata Ncha

Fimbo ya mwalimu huonyesha neno ubaoni kwa ncha yake, wala si kwa urefu wake. Kompyuta nayo ina fimbo yake: ni alama ndogo iendayo juu ya kioo kwa kuufuata mkono ushikao kipanya. Alama hiyo huitwa kielekezi. Kwa asili ni picha tu, lakini si kila picha yaweza kuifanya kazi hiyo. Yafaa tutazame jinsi picha ilivyofundishwa kuonyesha.

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Marekani. Douglas Engelbart ndiye aliyekibuni, na Bill English ndiye aliyekiunda: kibao cha mti chenye magurudumu mawili chini yake. Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart alikionyesha mbele ya watu wapatao elfu moja mjini San Francisco, nao wakaona alama ikitembea kiooni kwa amri ya mkono.

Mwaka 1973 mafundi wa kampuni ya Xerox, huko Palo Alto, waliunda kompyuta iliyoitwa Alto. Kioo chake kilichorwa kwa nukta, na kielekezi kilipewa uwanja wa nukta 16 kwa 16, yaani nukta 256 basi. Katika uwanja mwembamba namna hiyo mshale ulilazwa upande, ncha ikaelekea juu kushoto, ili uonekane wazi. Uhaba wa nafasi ndio uliozaa umbo tulijualo hata leo.

Macintosh ilipotoka mwaka 1984, kielekezi chake kilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa picha yenyewe. Ya pili ilikuwa kifuniko, picha nyingine ya ukubwa ule ule, ya kubagua kielekezi na mahali panapoachwa wazi. Ya tatu ilikuwa ncha, nukta moja ihesabiwayo kuwa ndiyo ielekezayo. Vyote vitatu vilitoshea katika baiti 68. Msanii Susan Kare, aliyebuni alama nyingi za kompyuta hiyo, alichora saa ya mkononi ya kumwambia mtu asubiri.

Windows ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1985, nayo ilikuja na vielekezi vyake. Hapa ndipo tunapoona tofauti ya picha ya kawaida na kielekezi. Faili la picha ya nukta hueleza upana, kimo na rangi. Halisemi ncha iko wapi. Mtu akilibadili jina tu, hajaligeuza. Gogo haliwi mashua kwa kuitwa mashua, sharti lichongwe.

Kuchonga kwenyewe ni huku. Picha hupunguzwa, kwa desturi iwe nukta 32 kwa 32. Baiti 14 za mwanzo wa faili la picha huondolewa, na mahali pake huwekwa utangulizi wenye namba 2, ambayo ni dalili ya kielekezi. Kisha huandikwa namba mbili za ncha: moja ya kuhesabu kutoka kushoto, nyingine kutoka juu. Kifuniko huongezwa, na kimo huandikwa maradufu, kwa kuwa picha sasa ni mbili. Kifuniko kikikosewa, kielekezi huburuta kisanduku cheupe na kuyaficha maneno. Ncha ikikosewa, madhara ni makubwa zaidi: jicho laona msalaba juu ya neno moja, na kompyuta yapokea amri juu ya neno jingine. Mtu hudhani mkono wake una kosa, kumbe kosa limo katika namba mbili.

Basi, mwanafunzi, zingatia jambo hili. Uzuri wa picha haukuifanya ielekeze. Iliyoifanya ielekeze ni nukta moja iliyochaguliwa kwa uangalifu. Ndivyo ilivyo hata kwa maneno: hoja nyingi zisizo na ncha humchosha msikilizaji, na hoja moja yenye ncha humfikisha.