Chuo kikuu cha wote: kutoka Lovanium mupaka leo

Kila mwaka, diploma za Leta zikiisha kutoka, swali ni lile lile mu Goma, Bukavu, Bunia na Uvira: nani ataingia chuo kikuu? Wengi wanafikiri ni mambo ya minervali tu. Pesa ni kizuizi kikubwa, lakini historia ya vyuo vya Kongo inaonyesha vingine.

Lovanium, karibu na Léopoldville (Kinshasa ya leo), kilifunguliwa mwaka wa 1954. Weusi na weupe walisoma pamoja, jambo la ajabu kwa wakati wa Wabelji. Wasichana Wakongomani ndio hawakuonekana. Shule zao za wakati ule ziliwafundisha zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba, kwa hiyo hawakupata masomo ya kuwafikisha chuo kikuu. Sophie Kanza alipomaliza pale mwaka wa 1964, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya chuo kikuu. Mwaka wa 1966 akawa waziri, na hapo pia alikuwa mwanamke wa kwanza.

Mwaka wa 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vitatu kuwa kimoja, UNAZA. Kijana wa Kivu aliyetaka udaktari alienda Kinshasa, wa fasihi Lubumbashi, wa ualimu Kisangani. Katika miaka hiyo ya 1970 serikali iliweka pia kota: kila jimbo na sehemu yake ya nafasi. Sababu ilieleweka. Majimbo yaliyopata shule za misioni mapema, kama Bas-Congo na Kasai, yalikuwa na wanafunzi wengi kupita mengine. Kota ilifungulia mlango watoto wa majimbo yaliyobaki nyuma. Lakini ilimbebesha kila mwanafunzi jina la jimbo lake, na mwenye pointi nzuri aliyekosa nafasi alimwona mwenzake kama mwizi.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, kampasi ya Lubumbashi ilishambuliwa. Mashahidi walieleza kwamba wanafunzi wa Équateur, jimbo la Mobutu, waliachwa, wengine wakapigwa na kuuawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hata sasa. Si kota iliyoleta mauaji hayo, ni siasa. Ila ilionekana wazi kwamba kulala mu jengo moja si kuishi pamoja.

Kwa upande wa sheria, mambo hayakosi. Ibara ya 13 ya Katiba ya 2006 inakataza kumbagua Mkongomani mu masomo kwa sababu ya kabila, dini, hali ya maisha ao mahali anapokaa. Ubaguzi wa kikabila unaadhibiwa tangu ordonansi ya 7 Juni 1966. Mwaka wa 2022 zikaongezwa sheria mbili: ya tarehe 3 Mei kwa watu wanaoishi na ulemavu, na ya tarehe 15 Julai kwa watu wa asili, Wambuti na Watwa.

Ugumu unakuja mtu akisha kuingia. Kozi ni kwa Kifaransa, na mwenye kutoka shule ya kijijini anakaa kimya, si kwamba hajui, ni kuogopa kuchekwa. Kuna silabi za kununua. Kuna mutualite za watoto wa teritware moja: zinamtafutia mgeni pa kulala, zinachangia mgonjwa, na hilo ni jema kabisa, lakini uchaguzi wa wajumbe wa wanafunzi ukifika, zinaweza kugeuka kambi za kabila.

Na kuna ngazi. Mwenye magongo anayefanya mtihani kwenye etaji ya pili anafika amechoka mbele ya kuandika. Kuhamisha mtihani mu chumba cha chini hakuombi bajeti. Kunaomba ofisi ijue mapema ni nani eko na shida gani, na hiyo ingeanzia kwenye fishi ya kujiandikisha, ambayo mara nyingi inauliza jimbo, teritware na sekta ya asili, bila kuuliza kama mtu anaona, anasikia ao anapanda ngazi.