Anagramu ndefu za Kiingereza

Anagramu ndefu za Kiingereza ni maneno marefu ya lugha ya Kiingereza yanayoandikwa kwa herufi zilezile na kwa idadi ileile, ila mpangilio wake ni tofauti. Jina "anagramu" lina asili ya Kigiriki. Ndani yake limo neno gramma, yaani herufi.

Kiswahili nacho kina anagramu. Herufi a, i, l na m hutoa lima, mali, mila, lami na imla. Vilevile samaki, kamasi na masika ni maneno matatu ya herufi zilezile sita. Tofauti ni kwamba silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo mara nyingi inatosha kuhamisha silabi nzimanzima. Kiingereza huruhusu konsonanti kufuatana na pia kuishia neno, na tahajia yake haifuati matamshi kwa karibu. Kwa sababu hiyo maneno mawili yanaweza kuwa na herufi zilezile bila msomaji kuhisi undugu wowote kati yake.

Namna ya kuzitambua

Njia ya uhakika ni kupanga herufi za kila neno kwa alfabeti. Integral (kamili, au hesabu ya integrali) huwa aegilnrt. Triangle (pembetatu) nayo huwa aegilnrt, basi ni anagramu. Ufunguo huohuo unafungua pia altering (kubadilisha), alerting (kutahadharisha) na relating (kuhusisha). Kompyuta ikipewa orodha nzima ya kamusi hufanya kazi hii kwa muda mfupi sana: hutafuta ufunguo wa kila neno, kisha huweka pamoja maneno yenye ufunguo mmoja. Wachezaji hodari wa Scrabble hukariri maneno kwa funguo za namna hii.

Urefu si ubora

Mtu akiuliza anagramu ndefu kuliko zote, kwa kawaida huoneshwa istilahi za tiba. Cholecystoduodenostomy na duodenocholecystostomy zina herufi 22 kila moja. Zote mbili hutaja upasuaji wa kuunganisha mfuko wa nyongo na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Hydropneumopericardium na pneumohydropericardium nazo zina herufi 22, na maana yake ni maji na hewa kukusanyika katika mfuko unaozunguka moyo.

Zinatisha kwa macho, lakini hazina mengi. Ukikata neno la kwanza katika vipande vitatu, cholecysto, duodeno na stomy, kisha ukabadilishana nafasi za viwili vya mwanzo, kazi imekwisha, na maana haijabadilika. Ni sawa na kusema tunawapenda na wanatupenda ni anagramu ya herufi 11. Ni kweli, herufi ni zilezile, lakini kilichofanyika ni kuhamisha viambishi tu, na angalau hapo maana imegeuka. Hata misrepresentation (upotoshaji) na representationism (nadharia katika falsafa ya utambuzi), zenye herufi 17, zimebeba neno zima representation ndani yake bila kuliguza. Herufi tatu za mwanzo tu ndizo zimepelekwa mwisho na kugeuzwa kuwa ism.

Kipimo kinachofaa zaidi, basi, ni kuhesabu vipande: neno la kwanza likatwe mara ngapi ili kupata la pili? Conservation (uhifadhi) na conversation (mazungumzo) huhitaji vipande vitano: con, s, er, v na ation. Percussion (upigaji wa ngoma na ala za kugongwa) na supersonic (-a mwendo unaozidi kasi ya sauti) huhitaji saba kati ya herufi kumi.

Kwa kipimo hiki, jozi inayostahili sifa ni cinematographer na megachiropteran, zenye herufi 15 kila moja. La kwanza ni mpiga picha za sinema. La pili ni popo wa kundi lililoitwa zamani Megachiroptera, yaani popo wakubwa, ambao wengi hula matunda. Popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani, ni mmojawapo. Ili kutoka neno moja kwenda la pili unahitaji vipande 14, maana ni jozi moja tu ya herufi inayobaki pamoja. Maana zake hazikaribiani hata kidogo.

Kuna pingamizi la haki: watu wachache hulijua neno megachiropteran. Anayetaka maneno ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kukutana nayo atatosheka na impressive (-a kuvutia) na permissive (-enye kuruhusu mno), au excitation (msisimko) na intoxicate (kulevya). Interrogatives (viulizi) na reinvestigator (mpelelezi wa mara ya pili) zina herufi 14, ila hilo la pili husikika mara chache.

Historia

Kupanga herufi kwa alfabeti kulitumiwa na wanasayansi kuficha ugunduzi kabla ya kuuthibitisha. Mwaka 1676 Robert Hooke wa London alichapisha herufi 14 zilizopangwa hivyo. Miaka miwili baadaye alieleza kuwa zilificha sentensi ya Kilatini kuhusu springi, kwamba kadiri inavyovutwa ndivyo nguvu yake ilivyo. Leo hiyo ni kanuni ya Hooke katika vitabu vya fizikia.

Uchunguzi wa maneno marefu ya Kiingereza kama burudani ulipata msukumo mkubwa nchini Marekani kwa kitabu cha Dmitri Borgmann, Language on Vacation, cha mwaka 1965. Mwaka 1968 lilianzishwa jarida la Word Ways, naye Borgmann akawa mhariri wake wa kwanza.