Kipanya Kilichosingiziwa

Katika mijadala yetu ya istilahi bado tunabishana kama kifaa kile kiitwe kipanya au puku. Watumiaji wa mfumo wa Linux walikuwa na ubishi mwingine juu yake, nao ulihusu nani mwenye kosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi walilalamika kwamba kompyuta ikielemewa na kazi, mathalani kunakili mafaili makubwa, kishale huruka hadi pembeni mwa kioo, na vitu hubofywa bila mtu kugusa kitufe. Baadhi walinunua kipanya kipya. Ugonjwa ukabaki palepale.

Vipanya vya aina ya PS/2, vilivyokuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, husema kwa mafungu ya baiti 3. Ya kwanza hueleza vitufe vilivyobonyezwa, ya pili mwendo wa kulia au kushoto, ya tatu mwendo wa juu au chini. Hakuna nukta wala nafasi kati ya fungu na fungu. Msikilizaji hana budi kuhesabu.

Walimu wenzangu, chukueni maneno ya silabi tatu tatu: kitabu, kalamu, chakula. Silabi ya kwanza ikipotea, anayehesabu atasoma “tabuka”, “lamucha”, kisha “kula”, neno halali kabisa ambalo hakuna aliyelitamka! Ndivyo baiti ya mwendo ilivyosomwa kana kwamba kitufe kimebonyezwa.

Ilipoteaje? Kiini cha Linux toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, kilikuwa na kanuni: baiti ikichelewa zaidi ya nusu sekunde katikati ya fungu, zilizotangulia zitupwe na hesabu ianze upya. Kanuni hiyo ni ya busara iwapo mchelewaji ni kipanya. Lakini chini ya mzigo mzito baiti ilikuwa imeshafika mlangoni, ikingoja prosesa iipokee. Diski zilizoendeshwa bila DMA zililazimisha prosesa kubeba data yenyewe, kipande kwa kipande, huku ishara za vifaa vingine zikizuiwa. Katika baadhi ya kompyuta za mapajani, kuuliza tu hali ya betri kulitosha kuisimamisha mashine kwa muda, mfumo wenyewe usijue.

Hapo ndipo lugha ilipopotosha. Kumbukumbu za mfumo ziliandika, kwa Kiingereza, kwamba kipanya kimepoteza ulinganifu na baiti kadhaa zinatupwa. Kiima cha sentensi ni kipanya, na watu wakaiamini sarufi. Sentensi iliyosema kwamba baiti “imepokelewa kwa kuchelewa” ingewaokoa wengi na gharama za bure.

Waliopata ukweli hawakuanza na kiima, walianza na saa. Walilinganisha muda wa kila ujumbe na kazi iliyokuwa ikiendelea, wakatumia programu ya hdparm kuona kama DMA imewashwa, wakafunga kipimo cha betri na kujaribu tena. Pia walitenganisha dalili: kishale kinachokwama bila kuruka wala kubofya ni ugonjwa mwingine, na mara nyingi kumbukumbu ya kompyuta ndiyo imejaa.

Vipanya vya USB havina taabu hii ya kuhesabu, kwani kila taarifa hufika nzima, ikiwa na mwanzo na mwisho wake.