Kwa nini beringi hufa tena baada ya giaboksi kubadilishwa

AGHALABU mwenye gari hudhani kwamba akishatia giaboksi nyingine, matatizo yamekwisha. Kisha, baada ya majuma machache barabarani, mvumo ule ule hurejea: beringi imekufa tena. Lawama humwendea muuzaji, muuzaji humrushia fundi, naye fundi hudai kuwa vipuri vya siku hizi ni hafifu. Ikiwa ni pikapu ya kubebea mboga, husimama siku mbili tatu kwa kila tukio, na hasara hiyo hailipwi na yeyote.

Beringi halali iliyotiwa ipasavyo huhimili maelfu kwa maelfu ya kilomita. Ikifa mara mbili mahali pamoja, basi karibu kila mara inabebeshwa mzigo usio wake, inanyimwa oili safi, au iliumizwa siku ya kutiwa. Kutia ya tatu kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo ni kutupa pesa. Wahandisi wana kanuni moja ya kutisha: mzigo ukiongezeka maradufu, umri wa beringi ya gololi hupungua hadi thumuni.

Mzigo huo wa ziada hutoka wapi? Mara nyingi hutokana na giaboksi kutokaa sawasawa na injini. Baina ya injini na kasha la klachi huwa kuna pini fupi zisizo na nyuzi, ambazo kazi yake ni kulenganisha vyuma hivyo viwili. Bolti hukaza tu. Pini ndizo zinazoelekeza. Giaboksi inaposhushwa, pini hizi huweza kubaki upande wa kasha la zamani, na la pili likafungwa bila pini. Hapo shafti inayopokea nguvu ya injini huzunguka ikiwa imepinda kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho, na beringi yake hulipa gharama. Kutu au tope lililoganda kwenye nyuso zinazokutana huleta balaa iyo hiyo.

Kosa jingine ni kuiacha giaboksi ining'inie kwa shafti yake wakati wa kuipachika, huku fundi akitafuta bolti. Yafaa ibebwe kwa jeki hadi bolti zote zikamate, wala isivutwe kwa kukaza bolti ikikataa kuingia. Na katika magari yenye beringi ndogo kwenye ncha ya krankishafti, beringi hiyo ibadilishwe papo hapo. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kazi ya kuishusha giaboksi tena. Mafundi wengi huiruka.

Kuhusu oili, giaboksi kuukuu kutoka Japani huuzwa ikiwa imemwagwa oili, na pengine imekaa muda mrefu ikila unyevu. Beringi zake huweza kuwa na madoa ya kutu kabla hata ya kufungwa. Zungusha shafti kwa mkono: ikikwaruza, usiinunue. Iwapo giaboksi ya zamani inafunguliwa badala ya kununuliwa nyingine, kasha lote lioshwe, pamoja na sumaku yake, kwani chembe za beringi iliyokufa ndizo zinazoiua inayofuata. Oili iwe ile iliyotajwa katika kitabu cha gari. Mtindo wa kutia oili nzito ili kuficha kelele hauponyi chochote, na oili ya GL-5 haifai katika kila giaboksi iliyoagiziwa GL-4, hasa yenye pete za shaba.

Gari likivutwa, tahadhari ni muhimu zaidi. Katika giaboksi nyingi za gia za mkono za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, oili husambazwa na gia zinazozungushwa na injini. Magurudumu hayo yakiburutwa mwendo mrefu injini ikiwa imezimwa, beringi ya nyuma hukauka.

Namna ya kuitia beringi nayo ni elimu. Nyundo na patasi ni maadui. Beringi inayobana kwenye shafti isukumwe kwa pete ya ndani, inayobana kwenye kasha kwa pete ya nje. Nguvu ikipitia kwenye gololi, huacha vidonda vidogo ambavyo hukua kila zinapozunguka. Ikikataa, ipashwe moto wa takriban nyuzi 110 za Selisiasi, wala isichomwe kwa mwale wa gesi. Zile zenye rola za pia zina kipimo maalumu cha kubana, na mabati membamba ya kurekebishia kipimo hicho hayaingizwi kwa kubahatisha.

Kuna sababu moja ambayo wachache huishuku: waya mnene unaounganisha injini na bodi, ambao mafundi huuita ethi. Ukisahauliwa wakati wa kurejesha giaboksi, umeme wa stata huweza kujitafutia njia kupitia shafti na beringi, ukaziacha na vidoa vya kuungua.

Kabla ya kuishusha tena, sikiliza. Kelele inayosikika gari likiwa katika nyutro, kisha ikatoweka pedali ya klachi inapokanyagwa, huelekeza kwenye beringi ya shafti ya mbele. Inayoanza pedali inapokanyagwa ni ya beringi ya klachi au ile ndogo ya krankishafti, na giaboksi yenyewe huenda ni nzima. Mvumo unaofuata kasi ya gari katika gia zote huhitaji propela na beringi za magurudumu zikaguliwe kwanza.

Beringi iliyotolewa isitupwe; fundi mwerevu huisoma. Alama za mzigo zinazokwenda mshazari kwenye njia ya gololi ni dalili ya kupinda, mikwaruzo ni uchafu, na rangi ya buluu ni joto la kukosa oili. Baada ya kilomita 1,000 hivi, oili mpya imwagwe na sumaku ya kizibo itazamwe: uji wa kijivu ni wa kawaida, ila vipande vinavyoshikika kwa kucha vinataka kasha lifunguliwe siku iyo hiyo.