Maziwa ya Kivu na Mkono wa Serikali

Nchi ya Kivu ni nchi ya ng'ombe. Mtu anayesimama juu ya milima ya Kabare au ya Ngweshe, karibu na mji wa Bukavu, aona majani mabichi karibu mwaka mzima. Mvua yanyesha vya kutosha, na baridi ya milimani yawazuia mbung'o. Hata hivyo, mama wa mjini anayetafuta maziwa kwa ajili ya mtoto wake amezoea kupewa kopo la maziwa ya unga lililotoka ng'ambo. Imekuwaje? Sababu zake hazikuanza jana. Yafaa tuzifuate tangu mwanzo, tuone serikali mbalimbali zilijaribu nini, na kwa nini juhudi nyingi hazikufika mbali.

Ng'ombe wa wazee

Kwa Bashi wa zamani, ng'ombe ndiye aliyewaunganisha watu. Kwa desturi ya bugabire, tajiri alimpa jirani yake ng'ombe wa kutunza. Mtunzaji alikunywa maziwa, akatia samadi katika migomba yake, na ndama wakagawanywa kwa mapatano. Kwa desturi ya kalinzi, mtu aliyehitaji ardhi alimpa mkubwa wa ardhi ng'ombe, naye akapata haki ya kukaa na kulima. Hata mahari ililipwa kwa ng'ombe. Maziwa yalikuwa chakula cha nyumba na heshima ya mgeni. Mengine yaligandishwa yakawa mashanza, ambayo yapendwa mpaka leo.

Kisha likaja pigo. Sotoka, iliyoingia katika pembe ya Afrika mwaka 1887, ilifika katika nchi za Maziwa Makuu karibu na mwaka 1891, ikaua ng'ombe wengi mno. Mtu aliyepotewa na ng'ombe alipotewa pia na chakula, samadi, mahari na urafiki wa wakubwa. Ugonjwa huo ulitangazwa kwamba umekwisha duniani mwaka 2011 tu, baada ya kazi ndefu ya waganga wa mifugo wa mataifa yote.

Kazi ya Wabelgiji

Mwaka 1928 serikali ya Wabelgiji iliunda Comité National du Kivu, kamati iliyopewa madaraka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Mwaka 1933 ikaunda INEAC, chuo cha kuchunguza mambo ya kilimo katika Kongo nzima. Chuo hicho kilikuwa na kituo huko Mulungu, karibu na Bukavu. Na huko Nioka, katika Ituri, kilichunguza mambo ya ng'ombe. Waganga wa mifugo walipita vijijini wakichanja ng'ombe, na majosho yakajengwa ili kuua kupe waletao homa ya ndigana. Walowezi nao walileta ng'ombe wa Ulaya wenye maziwa mengi.

Tusinyime shukrani inapostahili. Kazi hiyo ilikuwa njema, na ng'ombe wengi walipona. Lakini mkono mmoja ulitoa, na mwingine ukatwaa. Malisho mengi mazuri yaliingia katika mashamba ya walowezi ya kahawa, chai, kwinini na pareto. Mfugaji mwenyeji alipata chanjo, lakini nafasi yake ya kulisha ilipungua. Ng'ombe wake wa kienyeji, mwenye pembe ndefu, alitoa lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya. Siagi na maziwa ya walowezi yalikuwa na njia ya kufika mjini. Maziwa ya mfugaji huyu hayakuwa nayo.

Wakati huohuo watoto wa Bushi walikuwa wakiugua bwaki. Ni ule ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa muhogo, ndizi na viazi tu: miguu yavimba, nywele zageuka nyekundu, ngozi yabambuka, na mtoto hachezi tena. Katika miaka ya 1950 waganga wa Lwiro na wa hospitali ya Katana waliuchunguza sana. Dawa waliyoitumia ilikuwa nini? Maziwa, lakini maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, yaliyoletwa kutoka mbali. Basi, katika nchi yenye ng'ombe, mtoto aliponywa kwa maziwa ya ng'ombe wasiojulikana kwao. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, watu wa Bukavu wenyewe waliunda Comité Anti-Bwaki ili kupigana na ugonjwa huo.

Mfano wa Kenya

Ili kuelewa kilichokosekana Kivu, na tutazame jirani zetu wa Kenya, ambako mambo yalianza vilevile. Mwaka 1925 walowezi wa huko waliunda ushirika wao wa maziwa, Kenya Co-operative Creameries, uitwao KCC. Kwa muda mrefu Waafrika hawakuwa na sehemu ndani yake. Lakini mwaka 1954 serikali ilianza mpango wa Swynnerton: wakulima Waafrika wapewe hati za ardhi, waruhusiwe kupanda mazao ya biashara na kufuga ng'ombe wa Ulaya. Kituo cha Kabete kilikuwa kikitoa mbegu za madume bora tangu mwaka 1946. Baada ya uhuru wa 1963, wenye ng'ombe wawili watatu walipeleka maziwa yao katika vyama vya ushirika, na KCC ikayanunua. Mwaka 1979 serikali ikaanza kuwapa watoto wa shule maziwa bure.

Lakini Kenya nayo ilionja uchungu. Katika miaka ya 1990 KCC iliharibiwa na uongozi mbaya. Wakulima walikaa miezi mingi bila kulipwa, wengi wakauza maziwa yao kwa wachuuzi wa njiani. Mwaka 2000 KCC iliuzwa, na mwaka 2003 serikali ikairudisha mikononi mwake. Katika shida hiyo vyama ambavyo wakulima walivishika wenyewe, kama kile cha Githunguri kilichoanza mwaka 1961, viliendelea kusimama. Jambo hili tulikumbuke.

Baada ya uhuru wa Kongo

Kwetu INEAC ilikoma baada ya uhuru, na mwaka 1970 INERA ikashika mahali pake, ikiwa na fedha chache. Kisha, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa wananchi wa Zaire. Wengi walifurahi. Lakini waliopewa mara nyingi walikuwa wakubwa na rafiki zao, watu wasiojua ng'ombe ila nyama yake. Ng'ombe bora wa maziwa walichinjwa au kuuzwa, na mashine zikaachwa zikapata kutu. Sheria ya ardhi ya mwaka uleule wa 1973 iliitangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali; mwenye kujua mlango wa ofisi alipata hati, na mwenye kukaa juu ya ardhi kwa desturi alibaki na mashaka.

Hata hivyo si yote yaliyokufa. Siku zile Kivu ilikuwa jimbo moja lenye makao makuu Bukavu, mpaka lilipogawanywa mwaka 1988. Upande wa kaskazini, katika milima ya Masisi, wafugaji waliunda ushirika uitwao ACOGENOKI, na jibini la huko likapata sifa hata Kinshasa. Jibini lina faida moja kubwa: maziwa huharibika kwa siku moja, lakini jibini huvumilia barabara mbaya.

Halafu vita vikaja. Mwaka 1993 mapigano yaliwaka Masisi. Mwezi Mei 1996 wakimbizi waliuawa katika monasteri ya Mokoto, waliyoianzisha Watrapisti mwaka 1954. Mwezi Oktoba mwaka huohuo vita vilifika Bukavu, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Tangu hapo vikundi vya silaha vimepora ng'ombe kutoka Masisi mpaka milima ya Minembwe. Mwezi Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Ng'ombe hajui mpaka wala kabila. Hufuata bunduki inayompeleka. Na mfugaji aliyenyang'anywa mara mbili haogopi ugonjwa tena kama anavyoogopa kuwa na ng'ombe mzuri anayeonekana.

Fundisho

Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, aliandika habari nyingi za wakulima. Alifundisha kwamba serikali ina wajibu wa kuwapatia barabara, maji, mikopo na bei ya haki; lakini wakulima wenyewe, wakiungana katika vyama, ndio wawe wa kwanza katika kuinua hali yao. Historia ya maziwa yetu yathibitisha maneno hayo pande zote mbili. Serikali iliyoleta chanjo na kutwaa malisho haikumwinua mfugaji. Serikali iliyogawa mashamba bila kuangalia nani ajua kazi iliwaua ng'ombe. Na serikali isiyolinda njia na zizi, hata ikileta madume bora kutoka Ulaya, inawanenepesha wezi.

Wafugaji nao wana neno lao la kujiuliza. Je, chama chetu chalipa kwa wakati? Je, daftari lake lasomwa mbele ya wote? Je, anayetia maji katika bidoni ya maziwa aonywa, hata akiwa ndugu ya mwenyekiti? Mambo hayo hayangoji waziri. Waliounda Comité Anti-Bwaki hawakungoja.

Wazee husema: ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mipango mikubwa ya Kivu imevunjika guu mara nyingi, na kila mara kilichobaki kilikuwa mfugaji na zizi lake. Amani ikija, msaada wowote wa serikali uanzie hapo: ardhi yake iwe salama, njia yake ipitike, na lita yake ilipwe. Hapo ndipo mtoto wa Bukavu atakapokunywa maziwa ya milima anayoiona kila asubuhi.