Ndono Haisikiki Jukwaani? Tatizo Siyo Ndono

Nenda kwenye sherehe yoyote kubwa pale Bariadi wakati wa kiangazi, pamba ikishauzwa na watu wana hela mkononi. Spika zimepangwa mpaka juu, kuna kinanda, kuna gitaa la besi, vijana wa singeli wanasubiri zamu yao. Halafu anapandishwa mzee na ndono yake. Mkono unauona unapiga. Mlio? Wapi! Watu wanarekodi, wanatupia status, mzee anashuka. Kesho yake utasikia "hivi vitu vya kizamani vimepitwa."

Hapo ndipo mimi nakataa. Tatizo la chombo chenye sauti ndogo kumezwa na vikubwa ni la zamani mno, na watu walishalitafutia dawa zaidi ya mara moja.

Kwanza tuielewe ndono yenyewe, maana wengi wetu wa mjini tunaiona kwenye picha tu. Ni upinde wenye uzi mmoja, umefungwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji anagonga uzi kwa kijiti, na mdomo wa kibuyu anauegemeza kifuani. Akiubana, sauti inajifunga. Akiuachia kidogo, inafunguka na inabadilika rangi. Yaani mwili wake mwenyewe ndiyo sehemu ya chombo. Kitu cha namna hii kilitengenezwa kwa watu waliokaa karibu, wanaofuata maneno ya mwimbaji neno kwa neno.

Sasa weka hiyo pembeni ya ngoma za mashindano. Simiyu kama mkoa ni ya 2012 tu, lakini ubishi wa Bagika na Bagalu ulikuwepo Usukumani tangu karne ya 19. Vyama hivyo viwili vinahusishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Utaratibu wao ni noma: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kuna ngoma nzito, dawa, nyoka, vituko vya kila aina. Unagombania macho na masikio ya watu ambao wanaweza kukuhama muda wowote. Uingie hapo na uzi mmoja? Hata wewe usingethubutu.

Ila Wasukuma haohao wana wigaashe, ngoma ambayo waimbaji wanakaa chini. Ukikaa chini, miguu inatulia na maneno yanasikika. Kwa mtazamo wangu hawakuwa na shida ya sauti kwa sababu kila jambo lilikuwa na uwanja wake. Sisi ndio tumechukua vyote tukavirundika kwenye jukwaa moja, tukaziachia spika zitupatanishe.

Wengine waliokutana na shida hii walifanyaje? Wagogo wa Dodoma wanapiga zeze na ilimba kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo kinachokosekana kwa chombo kimoja kinapatikana kwa wingi. Hayati Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alienda mbali zaidi kwa kuongeza nyuzi kwenye zeze lake, na mwaka 2002 akatoa albamu ya *Assembly* pamoja na Michael Brook, mwanamuziki wa Canada anayefanya kazi na mitambo ya kisasa. Zeze halikufa kwa kukutana na umeme.

Zanzibar wao walikuwa na udi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo udi ulisikika bila kugombana na mtu. Baadaye taarabu ikafuata mtindo wa Misri, fidla zikawa nyingi, akodiani zikaingia, na udi ukaanza kuzama. Walichobaki nacho ni taksimu: wote wananyamaza, mpigaji mmoja anatembea peke yake kabla wimbo haujaanza.

Hata Ulaya walipitia haya. Mwishoni mwa karne ya 16, Waitaliano walichukua ndugu wa udi wakamrefushia shingo ili apate nyuzi ndefu za besi, wakamwita theorbo. Kazi yake kubwa ilikuwa kumsindikiza mwimbaji. Okestra zilivyozidi kukua na kupiga kwa nguvu, theorbo ikawa inatafutwa kwa tochi, na karne ya 18 inaisha ilikuwa karibu imetoweka. Imerudi karne ya 20, kwa watu walioamua kupunguza kelele pembeni yake.

Sasa turudi Bariadi. Wale wenye bendi mnaotaka ladha ya ndono kwenye ngoma zenu, msimwambie mzee agonge kwa nguvu. Ataukata uzi na bado hatasikika. Ubeti wa kwanza muachieni yeye na sauti ya mwimbaji tu, kayamba liingie wa pili, besi na ngoma zisubiri kiitikio. Sikio likishaikamata ndono mapema, litaendelea kuifuata hata vingine vikiingia.

Na maiki ya kwenye stendi haimfai, kwa sababu kibuyu hakitulii. Tafuteni ile ndogo ya kubana, muibane kwenye upinde wenyewe ikitazama mdomo wa kibuyu, itembee nacho. Spika ya jukwaani isimwelekee, maana kibuyu kinanasa kila kitu na mtasikia mluzi wa kutoboa masikio.

Jingine ni la fundi mitambo. Kawaida anajaribu ngoma kwanza, kisha besi, kisha kinanda, na mzee anaitwa mwisho, nafasi imeshajaa. Siku hiyo aanze mzee, wengine wapandishwe taratibu, na uzi ukianza tu kupotea, hapohapo wasimame.